Siku Nilipojipaka Mafuta Hadi Kwenye Kope

Mafuta nilijipaka mwenyewe, asisingiziwe mtu. Kwetu Olmotonyi hakuna mwenye akili anayeteremka mjini kwenda hospitali na uso uliopauka kama gunzi. Nilioga, nikajifunga shuka jipya, nikachota mafuta ya mgando kwa vidole viwili, nikapaka paji la uso, mashavu, mpaka kwenye kope. Nikang'aa. Mjukuu wangu ndiye angenipima macho, na sikutaka wenzake waseme bibi yake amechakaa.

Macho yalikuwa yakiniwasha tangu mahindi yakiwa machanga. Asubuhi ni kama mtu kanimwagia mchanga. Nikikaa kutunga shanga, zinaingia ukungu. Mama yangu alikufa kipofu, na alianza hivyo hivyo, kufuta macho kwa pindo la shuka kutwa nzima. Sikumwambia mtu, ila nilijua zamu yangu imefika. Na kibaya zaidi, nilikuwa nimefika nusu ya mkufu mpana wa shanga wa harusi ya huyo huyo mjukuu.

Kule hospitali, mjukuu wangu aliponitazama tu akasema, "Koko," ndivyo watoto wetu wanavyowaita bibi zao, "nadhani una macho makavu."

"Makavu? Una wazimu wewe? Yananitiririka kama bomba lililokatika!"

Hakubishana. Aliniweka kidevu kwenye mashine, akanigusa ndani ya kope kwa kijikaratasi cha rangi ya chungwa, akawasha taa ya buluu. "Pepesa mara tatu. Haya, sasa usipepese." Akaanza kuhesabu. "Moja..." Akanyamaza. Tukarudia. "Moja..." Akanyamaza tena.

Nikasema kimoyomoyo, mama, nakuja.

Daktari mkubwa wake, mwanamume wa haraka haraka, akachungulia. "Machozi mabaya sana hayo. Andika, mpe dawa, mwite anayefuata."

Huyu mtoto niliyembeba mgongoni, niliyemfuta kamasi kwa kanga yangu, akaweka kalamu chini. "Samahani, daktari, naomba nisiandike kwanza. Kuna mafuta yanaelea hapa, na si ya jicho." Akanigeukia. "Koko, leo umejipaka nini?"

"Mafuta. Ulitaka nije nimepauka?"

"Mpaka machoni?"

"Kwenye kope. Macho yamejichukulia yenyewe."

Nesi alicheka mpaka akashika ukuta. Hata yule daktari alilainika kidogo. Mjukuu wangu akanieleza kwamba machozi yana mafuta yake, yanatoka kwenye kingo za kope na kutanda juu kama mafuta juu ya supu, ndiyo yanayozuia maji yasikauke upesi. Haya ya kopo yanaingia na kuyavuruga. "Nikiandika sasa nitakuwa nimepima kopo lako. Rudi kesho kutwa, uso umeoshwa kwa maji tu."

"Nipite mtaa wa Sakina nimepauka, na watu wananijua?"

"Jifunike shuka, koko."

Siku ilipofika nikajifunika kweli, njia nzima, kama mwizi wa mbuzi. Mjukuu wangu akawasha ile taa, akahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Hapo, akasema, machozi yamefunguka na kuacha doa jeusi, kama shamba linavyopasuka kiangazi. Jicho lisilo na ugonjwa linafika kumi na kupita kabla ya kufunguka hivyo.

"Kwa hiyo napofuka?"

"Hupofuki." Alilisema neno hilo akiwa amenishika mkono. "Maji unayo, ila hayakai. Jicho likiwashwa na ukavu linamwaga machozi mepesi, yanashuka shavuni bila kazi. Vijitundu vya mafuta kwenye kope vimeziba. Na moshi unaupata wapi?"

Nikasema kweli. Kila asubuhi nasafisha kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto cha mzeituni wa porini, halafu naweka jicho mdomoni mwa kibuyu kuangalia kama moshi umeingia sawasawa.

"Kila siku?"

"Tangu niolewe."

Akashika kichwa.

Mama hakupata mtu wa kumhesabia machozi. Mimi nimempata, tena damu yangu, tena asiyeogopa kumwambia mkubwa wake subiri. Siku hizi naweka kitambaa cha maji ya moto juu ya macho, nasugua kope taratibu, natia matone aliyonipa. Nikitunga shanga najikumbusha kupepesa. Kibuyu bado nakifukiza, ila nakinusa, sikichungulii. Mara ya mwisho alihesabu mpaka nane, na mimi nikahesabu naye kwa Kimaa, lugha yetu, kimoyomoyo.

Mkufu ulikamilika wiki mbili kabla ya harusi. Shangazi zake wakaugeuzageuza, wakauliza kwa nini katikati ya shanga nyeupe nimetia nane za rangi ya chungwa. Nikawaambia wamuulize bibi harusi, ndiye aliyezihesabu.