Korongo Aliyefumuliwa

Barua ile niliichapa mimi mwenyewe. Nilikuwa karani wa taipu katika ofisi ya shamba moja la mkonge upande wa Rudewa, mwaka wa pili kazini, na kila asubuhi meneja aliniwekea mezani barua alizoziandika kwa kalamu. Ya tatu siku hiyo ilimwagiza mwanamke mmoja wa kijijini aache mara moja kudarizi alama ya shamba kwenye vitambaa vyake. Mwanamke huyo alikuwa mama yangu. Niliichapa bila kosa, nakala mbili, nikaipeleka isainiwe.

Alama yenyewe ilikuwa korongo aliyesimama kwa mguu mmoja ndani ya duara. Kila robota la katani lililopelekwa stesheni lilikuwa na korongo huyo, kwa wino mweusi, na aliyempiga chapa alikuwa baba. Mama alikuwa akimtazama ndege huyo tangu alipoolewa, lakini hakuwahi kumgusa, maana alikuwa ndege wa wenye shamba. Kisha redio ikatangaza kwamba shamba limekuwa mali ya umma. Wiki ileile mama akachukua sindano.

Kudarizi kulikuwa starehe yake ya alasiri, akishatoka kupalilia na kabla hajawasha moto. Vitambaa vyake vilikwenda kwenye harusi, kwa wanawake waliojifungua, kwa wageni waliokuja kuaga. Kaboni za kunakilia mchoro nilimletea mimi kutoka ofisini, zile zilizochakaa, pamoja na karatasi ya barua yenye korongo mdogo kichwani. Kwa hiyo sikuwa mtazamaji tu katika jambo hili.

Kilichofanya barua iume ni wakati. Akina mama wa kijiji walikuwa wamechagua kitambaa chake kikubwa cha meza kiende kwenye maonyesho ya wilaya Kilosa. Kilikuwa na korongo wanne, mmoja kila pembe, kazi ya mwezi mzima. Zilibaki wiki tatu.

Nilipomsomea, mama alikuwa akichambua mchicha.

"Rudia hapo pa Mikumi," alisema.

Nikarudia. Meneja alikuwa amekula chakula katika mgahawa mmoja wa Mikumi akiwa na mnunuzi wa katani. Juu ya meza kulikuwa na kitambaa cha korongo, na mnunuzi akauliza tangu lini shamba linafuma vitambaa.

"Sasa kosa liko wapi? Si wamesema shamba ni letu sote?"

"Shamba ni letu," baba alijibu kutoka mlangoni. "Chapa si ya kuchezea."

"Wewe unaipiga kutwa."

"Naipiga kwenye robota nililoambiwa, mama watoto. Kwanza mkaguzi anachambua katani, ndipo mimi napiga. Nikimpiga korongo kwenye robota lenye takataka, linarudi kutoka huko ng'ambo na sote tunaaibika. Yule ndege anasema: hii tumeikagua sisi."

"Na kazi yangu ina takataka?"

Baba alicheka. "Haina. Ila hakuna aliyeikagua."

"Basi nitampelekea aikague," mama alisema, akarudi kwenye mchicha wake.

Kesho yake asubuhi aliingia ofisini amevaa kanga mpya, kitambaa kikubwa kimekunjwa kifuani. Nilijifanya naweka karatasi kwenye mashine. Meneja alikuwa kijana, mmoja wa Waafrika wa kwanza kukaa kwenye kiti kile, na alisimama upesi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeleta kilichokuudhi. Kitazame."

Alikitandaza juu ya mafaili. Meneja aliinama, akaangalia pembe moja, kisha nyingine. Alikigeuza kitambaa kuona nyuma, nami nikajua mama ameshafurahi, kwa sababu nyuma ndiko anakojivunia: hakuna fundo, hakuna uzi unaoning'inia.

"Huyu ana jicho," meneja alisema. "Wetu hana."

"Wenu alichorwa na mtu mwenye haraka."

Meneja alicheka, kisha akakaa na kueleza taratibu. Alama imeandikishwa serikalini kwa ajili ya katani. Kuwa mali ya umma hakumpi kila mmoja wetu ruhusa ya kuitumia peke yake; anayenunua akiiona lazima ajue kwa hakika imetoka wapi. Halafu akatoa njia: shamba lingempa mama kibali, adarizi korongo kwa ajili ya ofisi na nyumba za wageni, na kile kikubwa kiende Kilosa kwa jina la shamba.

Niliacha kujifanya nafanya kazi. Nilitaka akubali.

"Kikiwa Kilosa," mama aliuliza, "mtu akiuliza kimefumwa na nani, atajibiwaje?"

"Atajibiwa ni cha shamba, mama."

Mama alikunja kitambaa, pembe kwa pembe. "Nimekuelewa, mwanangu. Korongo ni wenu. Nitawarudishia."

Alianza kufumua alasiri ileile, kwa ncha ya sindano, mshono mmoja mmoja. Baba alimwambia akate nyuzi kwa wembe amalize mapema. Akajibu kwamba uzi ni mzima na utatumika tena. Ilimchukua siku tatu. Tatizo lilikuwa matundu. Kitambaa kilikuwa cha marekani, pamba nzito, na hata baada ya kufua na kupiga pasi, korongo wanne walionekana kwa vitundu vidogo, hasa mahali pa shingo na mguu. Jirani mmoja alipita akasema, "Mama, ndege wako wamebaki mifupa."

"Ngoja uone watakavyovaa," mama alijibu.

Alidarizi mmea wa mboga ya maboga, ule uliokuwa ukitambaa nyuma ya choo chetu: ua la njano, vikonyo vinavyojipinda, majani mapana. Jani moja katika kila pembe lilikaa juu ya matundu, na badala ya kuyafunika aliyapanua, akayazungushia uzi mwembamba mmoja mmoja. Likawa jani lililoliwa na wadudu. Nimeona majani mengi yaliyodariziwa maishani mwangu, na yote ni mazima. Yeye tu ndiye nimemwona akidarizi jani kama linavyokuwa shambani.

Kilosa kitambaa kilitundikwa kati ya mikeka na vyungu, na kikaratasi nilichokichapa mimi chenye jina lake, jina la kijiji, basi. Hakikupata nafasi ya kwanza. Ya kwanza ilikwenda kwa mkeka wa kijiji cha Chanzuru, na ulistahili. Lakini watu walisimama mbele ya jani lile wakinyoosha vidole, na bwana mmoja wa kilimo alimweleza mwenzake kwa makini ni mdudu gani aliyelila.

Mchana mwanamke aliyesuka mkeka ule alikuja na kipande cha karatasi na penseli.

"Dada, nimelipenda ua lako. Naweza kulichora?"

Mama alimsogezea kiti. "Chora ua, chora vikonyo, majani mazima yote. Hili lenye matundu uniachie. Mtu akiliona popote, ajue ni mimi."

"Sawa, dada," yule mwanamke alisema, akaketi, akaanza na ua.