Balaa la Kumeza

Mama alipata kiharusi akiwa Maskati kwa dada yake. Akarudi Dodoma nusu ya uso imelegea, na karatasi ya hospitali iliyoandikwa Kiarabu kitupu. Kiarabu! Utadhani mgonjwa anarudi Makka, siyo kwetu Ipagala.

Kila akinywa chai alipaliwa. Alikohoa mpaka macho yakamtoka, nami nampapasa mgongo. Nikaipeleka karatasi mtaa wa Kikuyu kwa mjomba, kaka yake mama, aliyefundisha watoto madrasa tangu mimi sijazaliwa. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kuvuta, kama yuko kwenye khitma. "Usrul-bal'..." Akavua miwani.

"Usri ni uzito. Na hili ni balaa. Uzito wa balaa! Dada yangu kafanyiwa kitu."

"Mjomba, neno limeishia na herufi ya ain. Balaa lina hamza."

"Aliyechapa kakosea."

Basi, mtu mzima kashasema! Na kweli, sisi Waswahili ain tunaimeza toka utotoni. Hata mimi nilipolitamka lilitoka balaa lile lile. Nikalipiga picha kwa simu, ikatafsiri: ugumu wa kumeza. Nikamwonyesha.

"Simu yako imehitimu chuo gani?" akaniuliza.

Nikaenda hospitali. Muuguzi akaniambia ni "disfajia", akalirudia polepole kana kwamba mimi ndiye niliyepata kiharusi. Nilichoka!

"Dada yangu, kwa Kiswahili ni nini?"

"Si anapaliwa?"

"Anapaliwa."

"Ndiyo hiyo. Mishipa ya fahamu ya kooni imedhoofika. Maji yanapita njia ya hewa, na yakiendelea kuingia mapafuni utampoteza. Usimpe chochote chepesi. Mpe vizito, akae wima, kijiko kidogo kidogo."

Jamani! Neno tunalo wenyewe, hata mtoto mdogo analijua, halafu linazungushwa Uarabuni na Ulaya mpaka mtu afe.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimefura. Nikamkuta mjomba kaketi kitandani kwa mama, mkononi bakuli la kombe. Alikuwa ameandika aya kwa zafarani kwenye sahani, akaziosha kwa maji ili mgonjwa anywe. Maji! Na bakuli limeshafika mdomoni.

"Mjomba, utamuua!"

"Astaghfirullah! Maneno ya Mungu yanaua?"

"Maneno hayaui, maji ndiyo yanaua!"

Nililia kwa hasira. Nikalitoa lile bakuli mikononi mwake, adabu baadaye, nikaingia jikoni. Kombe lote nikalikorogea unga wa uwele, nikapika uji mzito wa kushika kijiko. Mjomba aliuangalia, akaunusa, akaikuta zafarani yake.

Tulimkalisha mama wima. Akameza kijiko cha kwanza. Sote wawili tukabana pumzi tukisubiri kikohozi, na hakikuja. Nikampa cha pili, kisha cha tatu.

"Umeona?" mjomba akasema, machozi yakimlengalenga. "Balaa limeondoka."

"Limeondoka wapi, mjomba! Ni kwa sababu uji ni mzito."

"Ni kombe."

"Ni uji!"

Tangu arudi, mama alikuwa hajatamka neno likaeleweka. Sasa mdomo ule uliopinda ukahangaika, ukatafuta njia, na sauti ikatoka nzito, lakini ilikuwa yake.

"Nyie bishaneni," alisema. "Mimi nina njaa."