Njia za baiskeli zisizo na magari, Tezo hadi Kakuyuni: yaliyompata ndugu yangu

Wakuu, natumai mko salama. Wakubwa zangu shikamooni, na wa rika langu nawasalimu.

Kila mara naona mtu anauliza humu: wapi pwani nitapata njia ya baiskeli ya vumbi, yenye vilima, isiyo na magari? Wengi hujibu kwa kutaja njia zetu za Tezo, Vitengeni na Kakuyuni, na picha wanaweka.

Mimi nimezipita njia hizo tangu utotoni, na nimeongoza wageni huko. Nitaandika niliyoyaona kwa macho yangu, bila kuongeza wala kuficha.

Nianze na njia yenyewe.

Ukitoka Tezo unaipa barabara kuu mgongo na kuingia kwenye mikorosho. Mwanzo ni mchanga laini, unasukuma kuliko unavyoendesha. Kisha vilima vinaanza, udongo unageuka mwekundu, na kokoto zinateleza chini ya tairi kama maharagwe yaliyomwagika sakafuni. Unapanda na kushuka hadi Vitengeni. Hapo utapata chai na maji.

Ukigeukia upande wa Kakuyuni, ndiko kuzuri zaidi. Miteremko mirefu, minyaa pande zote mbili, mashamba ya mahindi. Nusu siku inaweza kupita hujaona gari. Utaona mbuzi, na akina mama wenye kuni.

Ni pazuri kweli, sibishi.

Sasa mimi ni nani. Mimi ni kifungua mimba wa nyumba ya watoto watatu. Baba aligongwa na lori kwenye barabara kuu, akiwa juu ya baiskeli, akitoka kuuza makaa. Mama naye hakuchukua muda, maradhi yakamwondoa. Nikaacha shule darasa la saba, nikabaki na Kahindi na mdogo wetu Dama.

Siandiki haya mnihurumie. Naandika ili muelewe kwa nini kwetu kulikuwa na sheria moja tu: hakuna anayepanda baiskeli kwenye lami. Ukitumwa dukani, pita ndani. Ukienda shule, pita ndani.

Basi Kahindi akakua anazijua njia za ndani kama mtu anavyojua vyumba vya nyumba yake.

Siku moja akakutana na mwendesha baiskeli amepotea kwenye vilima. Ni mtu wa bara anayefanya kazi ofisini Malindi, hapa nitamwita Mutua. Kahindi akamtoa. Mutua akarudi na wenzake, na hao wakaleta wengine. Kazi ikaanzia hapo. Kahindi mbele akionyesha njia, mimi nyuma kabisa nihakikishe hakuna anayeachwa.

Walikuwa wanamtania sana. Mutua alimwambia, "Kahindi, hii baiskeli yako ina uzito wa ng'ombe."

"Ndiyo, bosi," alijibu. "Na ng'ombe huyu amechoka kukungoja kila kilima."

Siku ninayoisimulia ilikuwa baada ya mvua kubwa. Tulitoka Vitengeni asubuhi kuelekea Kakuyuni: mimi, Kahindi, Mutua na rafiki yake, na dada mmoja mgeni, nimwite Wanjiru.

Wanjiru akapata pancha. Kahindi akashuka kuziba.

Mutua na mwenzake hawakutaka misuli ipoe. "Sisi tunasonga polepole," Mutua alisema.

"Songeni," Kahindi akamwambia, "lakini mkifika njia panda mningoje."

Alipomaliza kuziba akanipa pampu. "Dada, malizia kujaza upepo, acha niwawahi. Hawa wakifika njia panda watafuata kila njia inayoteremka."

Wanjiru akacheka. Kahindi akaondoka anapiga mluzi.

Hapo ndipo nilipomwona mara ya mwisho akiwa amesimama.

Tuliwafuata taratibu. Kule chini ya mteremko mrefu niliona gurudumu kwanza, liko juu, halizunguki. Mvua ilikuwa imekata njia kutoka upande hadi upande, korongo la kufika kiunoni. Kahindi alikuwa ndani yake, amelala chali, macho wazi.

"Dada," akasema, "miguu yangu iko wapi?"

"Iko hapa."

"Ishike basi."

Wakuu, nilikuwa nimeishika.

Niwaeleze jambo ambalo mtu wa mbali hawezi kulijua. Kwetu hakuna kibao cha kuonya. Mvua ikikata njia, wa kwanza kuona anakata matawi mabichi na kuyalaza katikati ya njia, mbali kidogo kabla ya shimo. Hata aliyetoka kunywa mnazi akikanyaga majani mabichi anajua: shuka, kuna kitu mbele. Na hakuna anayeyaondoa isipokuwa aliyeziba shimo. Njia ikiwa wazi, maana yake ni salama, na mtu anaachia breki kwa amani.

Kahindi aliachia breki kwa amani.

Nilipanda juu kutafuta network, ndipo nikayaona matawi. Yalikuwa yametupwa pembeni kwenye kichaka, majani hayajanyauka. Kwenye tope palikuwa na alama za tairi nyembamba mbili, mahali waliposimama watu wawili.

Network haikuwepo. Nikarudi.

Wanjiru alikuwa amemfunika Kahindi kwa koti lake. Akaniuliza, "Gari litafika hapa saa ngapi?"

"Hapa gari halifiki," nikamwambia. "Ndiyo maana mmekuja."

Sikumjibu kwa ubaya. Lilikuwa jibu lenyewe.

Nilipiga ukelele. Akatokea hawe mmoja kutoka shambani, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa lugha yetu. Alitazama mara moja tu, akasema, "Msimwinue kwa mikono," akaenda kuita wanaume. Wakaja na kitanda cha kamba. Wakamlaza juu yake, wakambeba wakipokezana mabega, vilima vilevile ambavyo wageni hupiga picha. Kila jiwe walilojikwaa Kahindi aliguna. Baadaye akaacha kuguna, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Jua lilikuwa linazama tulipofika Vitengeni kwenye gari.

Hospitali walisema uti wa mgongo umevunjika. Hatatembea tena. Daktari alisema mara moja, kwa upole, na mimi sikumwomba arudie.

Mutua na mwenzake walikuwa wamengoja njia panda, wakachoka, wakapotea, wakatokea Kakuyuni usiku. Hawakujua chochote.

Mutua alikuja kumwona Kahindi tulipomrudisha nyumbani. Dama akampa chai. Akakaa akizungusha kikombe, mwisho akauliza lililokuwa likimsumbua: "Ndugu yangu, ulianguka vipi pale? Sisi tulipita salama."

Mimi niliangalia chini. Nilikuwa nimeamua kutomwambia habari za matawi.

Kahindi akamwuliza, "Mlikuta matawi?"

"Ndiyo. Tukashuka. Tulidhani ni watoto wamecheza. Tukayatupa pembeni, nikasema yasije yakamnasa Wanjiru kwenye spoku."

"Na shimo mkaliona?"

"Tukaliona, tukabeba baiskeli, tukavuka."

Kahindi akasema, "Basi ulikuwa unatusafishia njia, bosi."

Hapo Mutua akaelewa. Akaweka kikombe chini, akatoka nje, akasimama nyuma ya jiko akilia kama mtoto.

Nilitaka aendelee kulia. Huo ndio ukweli wangu.

Kahindi akaniita. "Dada, mwambie arudi. Chai inapoa."

Nikaenda kumwita.

Tangu hapo Mutua huja mara kwa mara. Juzi alikuja na ombi la wenzake, wanataka turudi kwenye njia zile, wageni ni wengi. Nikasema sitaki kuzisikia. Kahindi akaingilia: "Wapeleke, dada. Wasipopelekwa na wewe wataenda peke yao."

"Na wewe?"

"Mimi nitalala hapa niwe na hasira. Usipoenda nitakuwa na hasira vilevile."

Sijajibu. Nimeandika uzi huu kwanza.

Nilichojifunza ni hiki. Njia isiyo na magari haina wa kukugonga, na haina wa kukuokota. Mnapoiweka humu na picha zake, wekeni na hilo. Na ukikuta kitu kimelazwa njiani mahali usipopajua, usikisogeze. Tafuta mwenyeji umwulize, hata kama ni mama mwenye kuni. Usipompata, shuka, pita pembeni, ukiache kama ulivyokikuta.

Wakuu mnaoendesha sehemu kama hizi, nataka maoni yenu. Mngekuwa mimi mngeongoza tena? Na mgonjwa mnamtoaje mahali gari halifiki? Semeni wazi, hata lenye kuuma nitalisoma.

Naishia hapa. Kahindi ananiita, ni wakati wa kumgeuza ubavu.