Grisi Mbili Katika Gurudumu Moja

Machimboni walimwita Bwana Grisi, naye hakukasirika. Kazi yake ilikuwa kulainisha malori na mitambo ya mawe, na kucha zake zilikuwa na weusi ambao sabuni ilishaukatia tamaa. Watu hudhani grisi ni grisi tu. Aliyethubutu kumwambia hivyo alitazamwa kama mtu anayetia chumvi kwenye chai.

Ndiyo maana kuchagua grisi mpya kulimchukua muda. Ile ya zamani, nyeusi, haikuwa mbaya, ila msimamizi alitaka itakayodumu zaidi, maana malori hushuka mlimani yamejaa kokoto huku breki zikichemka. Wauzaji walileta sampuli na maneno matamu. Bwana Grisi hakuwa na haja na maneno. Alipaka kila sampuli kwenye bati, akaliegemeza kwenye bomba la moshi la lori linalonguruma, akatazama ipi inayeyuka. Zilizostahimili akazitumbukiza kwenye ndoo ya maji na kuzisugua kati ya vidole. Moja ikazishinda zote, nyekundu, inanata kama ulimbo. "Hii," akasema, na pipa likanunuliwa.

Asubuhi pipa lilipofika, alianza kuibadilisha. Sheria yake ilijulikana: fungua gurudumu, osha beringi kwa mafuta ya taa mpaka zing'ae, ndipo upake mpya. Alianza na lori la mkewe, aliyekuwa dereva papo hapo machimboni, na nani asiyempendelea wake? Likabaki gurudumu moja, la mbele kushoto.

"Baba watoto, nachelewa," mkewe akasema, ameshapanda. "Hilo ongeza tu juu ya ile ya zamani, utaliosha nikirudi."

"Hivyo sipendi."

"Kwani zote si grisi? Au unataka wenzangu wanipite kwenye foleni?"

Mtu aliyewahi kumkatalia msimamizi mbele ya kadamnasi, kwa mkewe alikuwa nta. Akasukuma bomba la grisi, grisi nyekundu ikaingia juu ya nyeusi. "Basi ukifika juu ya mteremko, simama. Gusa kila gurudumu kwa mgongo wa mkono."

"Mkono wangu umekuwa kipimajoto?" Mkewe akacheka, lori likaondoka.

Roho yake haikutulia. Grisi hizo mbili hakuwahi kuzijaribu pamoja. Akachota kidogo ya kila moja, akazikoroga kwenye bati, akaliegemeza kwenye bomba la moshi la lori lililokuwa likipasha injini. Punde mchanganyiko ukawa uji, ukatiririka mpaka chini. Kila moja peke yake ilikuwa imeustahimili moto ule ule. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Katika lile gurudumu beringi zingebaki kavu na kukwama, na uji ule ungemwagikia breki, tena mteremkoni.

Simu ya mkewe ilikuwa imezimwa. Akishika usukani huizima, na aliyemzoesha ni huyu huyu mumewe. Bwana Grisi akakimbilia langoni. Mlinzi alikuwa shemeji yake, mdogo wa kiume wa mkewe.

"Shemeji, mbona unahema?"

"Nipe ufunguo wa pikipiki. Dada yako hana breki."

Mlinzi hakuuliza la pili.

Matone yalianza karibu na daraja, moja hapa, jingine kule, mekundu yenye weusi, mepesi kama mafuta ya kupikia. Kadiri alivyopanda ndivyo yalivyokaribiana. Hakuwahi kuogopa vile maishani. Alijilaani kwa sauti, akamlaani na mkewe kwa haraka zake, kisha akajuta, maana huenda alikuwa anamlaani mtu ambaye... Wazo hilo hakulimaliza. Uwanja wa juu ya mteremko, ambapo madereva husimama, ulifichwa na kona. Kama lori halipo pale, basi limeshashuka.

Akaikata kona.

Lori lilikuwepo, limewekewa mawe chini ya tairi. Mkewe alikuwa ameketi kivulini mwake, ameukumbatia mkono uliotoka malengelenge. Bwana Grisi aliiangusha pikipiki, akapiga magoti mbele yake, machozi yakamtoka bila haya.

"Nilitaka kupitiliza," mkewe akasema. "Nilishuka kugusa ili nikirudi nikucheke kwamba hakuna kitu."

"Kosa ni langu."

"Ni letu. Siku nyingine nikikuharakisha, nikatalie."

Baadaye shemeji akawaletea vifaa kwa gari la machimbo. Bwana Grisi akapiga jeki, akafungua gurudumu, akaanza kuosha beringi. Mkewe alimshikia kopo la mafuta ya taa kwa mkono mzima. Malori ya wenzake yalimpita moja baada ya jingine, yakipiga honi. Yeye hata hakuinua macho.

Bwana Grisi alipomaliza, akazinyanyua beringi juani amwonyeshe zinavyong'aa. Mkewe aliziinamia akazitazama kwa muda mrefu.

"Osha tena," akasema.