Mutanu arudi kwenye hendeli

Saa mbili asubuhi, mkanda wa mashine ya kusaga unachomoka tena hapa sokoni Mitaboni, Machakos. Mutanu Wambua, 38, mama wa Mumo na wengine wawili, hagusi kitu. Anazima injini kwanza.

Foleni inaguna. Injini hii ya dizeli huwashwa kwa kuzungusha hendeli, na kuiwasha ni kazi ya jasho. Ndiyo maana wasagaji wengi huurudisha mkanda kwa mkono gurudumu likiwa bado linazunguka. Mutanu alifanya hivyo kwa miaka tisa. Aprili mwaka jana, 2001, mkanda ukamla vidole vitatu vya mkono wa kulia.

"Kosa ilikuwa yangu," asema waziwazi. "Tulikuwa tunaona kuzima injini ni uvivu."

Kidonda kilipona kwa miezi minne. Woga ukabaki. Akisikia injini ikinguruma viganja vilitoka jasho, akapita nyuma ya kanisa ili asiione mashine.

Mwenye mashine, Muiruri, alimrudisha kazini Septemba, akamwekea stuli kando ya mizani apime mahindi tu. Kuwasha injini akawasha Muiruri mwenyewe. Ulikuwa wema, na wema huo ulimuuma.

"Kila mtu alikuwa ananiambia pole. Pole asubuhi, pole jioni. Ukiambiwa pole mara mia, unaanza kuamini umeisha."

Aliyemzindua ni mteja, Wayua, mama ambaye ulimi wake hauna breki. Januari alirudisha debe lake akifoka.

"Mama Mumo, hii unga iko na chenga! Si wewe ulikuwa unafikicha na vidole kwanza, uone kama ni laini? Umebakisha mbili. Fikicha na hizo!"

Mutanu akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Hiyo siku nilijua mimi bado ni msagaji. Mtu ameisha, hakuna mtu hugombana na yeye."

Tangu hapo anafikicha unga kwa gumba na kidole cha mwisho. Akarudi kumwaga mahindi, kisha kuvalisha mkanda. Imebaki hendeli tu. Hajaigusa kwa miezi kumi na moja.

Leo Muiruri aliiwasha alfajiri, kisha akaenda mjini kununua dizeli. Wanawake kumi na wawili wanamtazama Mutanu. Anavalisha mkanda, anafuta kiganja kwenye leso, anashika hendeli kwa mkono wa kushoto. Injini inakohoa na kufa. Anarudia, inakufa tena. Mara ya tatu inashika, na mabati ya paa yanatetemeka.

Nakiri kwamba nilipiga makofi.

Mutanu ana mipango. Atamwomba Muiruri aweke wavu wa chuma kuzunguka mkanda, mtu mwingine asiumie. "Na hiyo stuli nitaitoa kwa mizani. Wateja wakalie, mimi niko na kazi..."

Hamalizi.

"Aiya, Mama Mumo!" Ni Wayua, debe kichwani. "Gazeti itangoja, watoto hawangoji. Saga!"

Anasaga.