Duka Lisilokuwapo Bungulu

Bado nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe, kwa sababu ile video niliipiga mimi.

Nilikuwa nimemaliza chuo Butembo na kupata kazi katika ofisi ndogo ya matangazo ya mtandaoni. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha kwamba mtu akiandika kwenye simu "panneau solaire Beni", yaani paneli za sola, jina la mteja wetu linatokea juu kabisa. Ila mteja alikuwa na duka Butembo tu. Simu humwonyesha mtu kwanza maduka yaliyo karibu naye, kwa hiyo patron, bosi wangu, alitaka duka la Beni lionekane kwenye ramani, liwepo lisiwepo.

"Hauna ndugu kule?" aliniuliza.

Ninaye mama mdogo, mtaa wa Bungulu, Beni. Anauza unga wa muhogo sokoni na anaishi peke yake katika nyumba ya kupanga. Mtandao ulidai video ya kuthibitisha mahali, basi nikaenda na bango la mteja, nikalitundika kwenye lango lake, nikapiga.

"Leo nimekuwa commerçante ya jua," alisema, akicheka kwa kujiona mfanyabiashara.

Nikakunja bango, nikarudi. Njia nzima niliwaza kama video itakataliwa, kama patron ataona kidole changu pembeni ya picha. Juu ya mama mdogo sikuwaza lolote.

Duka likakubaliwa. Wanunuzi wakaanza kufika langoni pake: wanaume watatu kutoka Manguredjipa kwa pikipiki, kisha kijana mwenye begi kubwa mgongoni, kisha wengine. Walibisha hodi, wakaonyesha simu, wakaondoka mikono mitupu. Kwingine hiyo ni kero tu. Beni, mwanamke wa peke yake akipokea wageni wasiojulikana kila siku, majirani hawaulizi wanataka nini. Wanaulizana wametoka pori gani la waasi.

Alinipigia simu. "Mutoto yangu, bale batu banatafuta nini kwangu? Nyumbakumi ameniita mara mbili. Mwenye nyumba anasema nitoke."

Nilimwandikia patron ujumbe mara sita na kuufuta mara sita, nikiogopa neno moja litakuwa kali. Mwishowe nikamweleza uso kwa uso.

"Lakini weye unafikiri sana," alisema bila kuinua macho. "Ile adresse njo inatuletea batu. Acha kwanza mwezi iishe."

Kesho yake asubuhi nikapanda taksi ya Beni bila kumuaga mtu. Nyumbakumi, yaani msimamizi wa nyumba kumi za mtaa ule, alikuwa mama wa makamo mwenye daftari kwapani. Nilimwita kwa mama mdogo, akaja na majirani. Nikafungua simu mbele yao, nikaeleza yote, nikalifuta duka. Kwa dakika moja nilijiona shujaa.

"Onyesha ile duka," alisema.

"Nimeifuta, mama."

"Basi ulikuya kufuta preuve."

Mimi ninayewaza kila jambo mara kumi, hilo la ushahidi sikuliwaza. Mama mdogo alikaa kizingitini, akatazama viatu vyangu.

Simu ikalia. Patron. Nikaweka haut-parleur, wote wasikie.

"Duka ya Beni imeenda wapi?"

"Nimeitoa. Banataka kufukuza mama yangu mudogo."

"Irudishe sasa hivi. Ule mama anapoteza nini? Batu banapiga hodi tu."

Nyumbakumi akasogea karibu na simu. "Anapoteza nyumba," alisema. "Na weye, jina yako ni nani?"

Patron akakata. Hata hivyo daftari lilifunguliwa, na jioni ile nyumbakumi alikwenda mwenyewe kwa mwenye nyumba. Mama mdogo hakuhamishwa. Ofisini sikurudi, wala hawakuniita.

Lakini mama mdogo alikuwa amesema ukweli mara mbili mbele ya daftari lile, na halikuandikwa neno. Mimi nilisema mara moja, nikaitwa mfuta ushahidi. Kalamu ilitoka aliposikika mtu ambaye hakujali kabisa kama mama yule analala ndani au nje. Jirani wa kushoto bado hamsalimu, na kila ninapofika Bungulu, mama mdogo huniuliza kwanza kama simu yangu imezimwa. Ninaizima mbele yake.