Kimya cha Kwenye Kompyuta

Geesje Wiersinga alipeleka barua za watu kwa baiskeli miaka thelathini na minane, mvua ikinyesha na upepo ukivuma, na hakupoteza hata moja. Barua aliziheshimu, ndiyo maana alikasirika sana idara ya barabara ilipomletea barua ya kumweleza kwamba anaishi mahali patulivu.

Patulivu! Barabara kuu ilipita nyuma ya bustani yake, hatua sitini tu, na malori ya kwenda Ujerumani yalinguruma tangu alfajiri. Mumewe, Douwe, alikuwa amepasuliwa koo akabakiwa na sauti ya kunong'ona. Ndani, madirisha yakifungwa, walisikilizana. Lakini Douwe na ndani wapi na wapi? Kutwa yuko kwenye maharage yake. Geesje aliomba jambo moja: lami yenye vitundu, ile inayomeza mlio wa matairi, kama waliyowekewa jirani zao wa kijiji cha pili.

Idara, kwa ukarimu wake, ikamtuma mtaalamu, Bwana Reinout, na kompyuta yake. Geesje akamwekea kahawa bustanini na biskuti moja toka koponi, kisha akalifunika.

"Kipimo chako kiko wapi, mwanangu?"

"Hatupimi, mama. Tunapiga hesabu."

"Nini?"

"Tunapiga hesabu!" Reinout akapaza sauti, lori likipita. "Na lami ya vitundu mnayo, mwaka wa kumi na moja huu! Imo humu!" Akaigonga kompyuta kwa kidole.

"Haya, itoe humo uishushe barabarani."

"Kwa hesabu zetu, kelele hapa ziko chini ya kiwango!"

"Sasa mbona unanifokea?"

Reinout akawa mwekundu, akaanza kupekua. Kumbe wakubwa waliidhinisha mpango wa lami hiyo, wakauingiza kwenye kompyuta, halafu kazi ikaahirishwa. Kila mtu aliarifiwa isipokuwa kompyuta, nayo, maskini, haina masikio.

Douwe akainuka kwenye maharage, akajifuta mikono, akamwambia mkewe maneno, tena marefu, huku anatabasamu. Geesje akatikisa kichwa kukubali. Reinout alitega sikio, akainama, akaambulia matairi tu.

"Mzee anasema nini, mama?"

"Sijui," Geesje akamjibu sikioni. "Mwaka wa tatu huu, akiwa hapa nje, mimi namwitikia tu."